Unga wa Mifupa

Simu ni yangu, chaji ni yangu, bando nimenunua mimi,
lakini msitu ni wa Bunu.
Ana miaka kumi na mmoja, hajawahi kushika shoka,
na jana kabla ya isha alikwisha kata miti mia mbili.

"Dada, tazama." Natazama.
Anatoboa udongo wa mraba, anachomeka mche,
anaurushia unga mweupe wa mifupa,
mara moja, mara mbili,
mti unasimama wima kama aliyeitwa jina darasani.
Anaukata. Majani yanabaki hewani kidogo,
yanajifikiria,
kisha yanapukutika tofali kwa tofali
yakidondosha miche mingine.
"Ukikata mmoja unapata mitatu," ananiambia,
kwa sauti ya mtu mwenye mashamba.

Mimi nimetoka Matondoni na tope hadi magotini.
Tangu asubuhi tumejaza viriba,
mimi na Mwanashee na Barke wa Kizingitini,
mia nne na kumi,
kila kiriba mbegu moja ya mkoko, ncha chini,
ndefu kama kalamu.
Nusu wataila kaa.
Itakayobaki, wa kuikata boriti
pengine mamake hajaolewa.
Hilo simwambii Bunu.

Baba alikuwa mkata mikoko.
Alitufundisha kuhesabu kwa fito, pau, mazio, boriti, nguzo,
na korija ni ishirini, usinipunje.
Pale alipokata yeye
ndipo ninapopanda mimi.
Hatujawahi kulizungumza.
Akinipa chai husema tu,
"Maji yalikuwaje leo?"

Usiku mmoja Bunu amelala, simu kifuani,
nikaichomoa, nikaingia msituni mwake.
Kapanga miche kwa mistari, nafasi sawasawa,
mienge kila pembe, maana mche wa huko hauoti gizani.
Nikakata mti mmoja chini kabisa, nikakimbia.
Haukuanguka.
Ulining'inia bila shina
kama deni la mtu aliyehama mji.
Nikacheka peke yangu.
Nikapanda mche pembeni, bila unga,
nikakaa kuungoja.
Siku ya huko ni dakika ishirini.
Jua likachwa mara mbili, chaji ikafika asilimia nne,
mche ukabaki mche.
Nikazima, na sijui kwa nini nililala vizuri.

Jumamosi akafuatana nami kitaluni.
Akapima viriba kwa shubiri, akanung'unika havijanyooka.
Akauliza mwenge uko wapi.
Kisha akatoa mfukoni karatasi ya maandazi,
akaikunjua taratibu:
kitu cheupe, kinanuka.
Akanyunyiza kiriba cha kwanza. Mara moja. Mara mbili.
Akachuchumaa.
Mwanashee aligeuka kando, ameuma ncha ya leso.
Mimi nilichuchumaa naye.
Tukaikodolea macho mbegu moja, watu wawili wazima kwa akili,
hadi maji yakaanza kutuingia vidoleni.

Nyumbani bibi kasimama uani, kinu amekipindua:
"Ni nani metwanga miba ya changu
kwenye kinu changu?"
Hakuna aliyejibu.
Baba alikohoa ndani ya kikombe.

Kiriba kile nimekifunga uzi mwekundu.
Mwezi wa tatu huu. Kaa wamechimba kushoto, wamechimba kulia.
Kina majani mawili, sawa na jirani zake,
na la tatu limejikunja, halijasema litakuja au la.
Bunu hauulizi tena mti.
Nikivua viatu mlangoni huniuliza,
"Maji yalikuwaje leo?"
Kisha ananyosha mkono apewe simu.